Logibuku ya miruko imepotelea kwenye matatu, naanzia wapi?

Dada wa Kondele
Hamjambo. Jumapili nilitoka Nakuru na matatu, mkoba mdogo nikausukuma chini ya kiti. Kufika Kondele mvua ilikuwa inamwagika, nikashuka mbio na begi kubwa, ule mdogo ukaendelea na safari. Nimerudi steji mara tatu, makanga wanasema hawajaona kitu. Ndani hamkuwa na pesa, ila chaja na logibuku yangu ya miruko yote tangu 2019: tarehe, mahali, futi nilizotokea ndegeni, sekunde za kuanguka kabla parachuti haijafunguka, na sahihi ya aliyeshuhudia. Nilikuwa nimefika 63. Mwezi wa nane nataka kwenda Diani, na najua wataniuliza kitabu kabla hawajanikodisha parachuti. Leseni yangu ni B ya USPA, chama cha waruka parachuti cha Marekani. Nifanyeje?

Mzee wa Probox
Pole sana. Pitia kituo cha polisi uchukue abstrakti, ile hati ya kitu kilichopotea, kisha uingie eCitizen uombe nyingine. Kama gari bado lina mkopo, benki nayo lazima ihusishwe.

Dada wa Kondele
Asante mzee wangu, lakini si logibuku ya gari. Ni ya kuruka kutoka ndegeni.

Mzee wa Probox
Kwa hiari yako?

Jirani wa Menengai
Pole dada. Yangu ilinyeshewa, wino wote ukageuka uji, kwa hivyo njia hii naijua. Leseni B haitolewi kabla ya miruko 50, basi hiyo 50 shahidi wake ni namba ya leseni. Unatafuta 13 tu. Andikia kila uwanja ulikoruka wakutolee orodha za waliopanda ndege, maana kwa orodha hizo ndipo wanapodai pesa zao. Toa taarifa ya M-Pesa kwa *334# uone siku ulizolipia. Picha za simu zina tarehe na saa. Na yule mliyetoka naye mlangoni pamoja, mruko wako umo kwenye kitabu chake.

Ila pale Diani, kabla ya umeruka mara ngapi, wataanza na umeruka lini mwisho. Mwenye B akipitisha siku 90, USPA wanataka aruke kwanza chini ya jicho la mwalimu.

Na pengo usilijaze kwa kukisia. Ukithibitisha 58, andika 58. Ukijiongezea leo, kesho utafikisha 200 za karatasi uanze kuvaa vazi la mabawa na mwili wako haujazifika.

Dada wa Kondele
Mwisho niliruka Januari, kwa hivyo hata kitabu kingekuwepo ningeruka na mwalimu tu. Kinachoniuma ni ukurasa wa kwanza. Mwalimu aliandika kwa kalamu nyekundu: “Tazama mbali, si miguu yako.” Chini yake kuna doa la matope, kwa sababu nilitua kwa makalio.

Jirani wa Menengai
Hilo doa hatuna la kukufanyia. Kitabu kipya kipige picha kila jioni kabla hujaondoka uwanjani, na iwe baada ya sahihi, kwa sababu mruko usio na sahihi ni hadithi ya kijiweni. Jitumie kwa barua pepe. Mimi niliziacha kwenye WhatsApp, simu ilipoibiwa zikaenda nayo. Altimita ya kidijitali, kile kipima urefu cha mkononi, huhesabu miruko yenyewe, lakini sahihi haiweki.

Dada wa Kondele
Mrejesho. Orodha za uwanja, M-Pesa na kitabu cha rafiki vimenifikisha 59. Minne imepotea. Mmoja naukumbuka vizuri, wa jioni jua likizama, lakini siku hiyo alinilipia mtu mwingine, na huyo hatusemezani siku hizi. Basi. Kitabu kipya kinaanza na “jumla iliyoletwa mbele: 59”, na mwalimu ataweka sahihi tukikutana.

Mzee wa Probox, abstrakti nilichukua, Diani walisema itasaidia. Askari aliandika vizuri kabisa, “logibuku moja”, kisha akainua kichwa akaniuliza namba ya gari.