Tupeane uzoefu: tunaokaa kitako kutwa nzima, tunainukaje?

Karani wa Hesabu: Kila ifikapo Juni, tunapofunga hesabu za mwaka wa serikali, mimi hukaa kitini tangu asubuhi hadi jua linazama. Jana nilipoinuka kufuata karatasi, miguu ilikuwa imekufa ganzi kiasi cha kushika ukuta. Naomba mseme mliyoyajaribu wenyewe.

Binti Salehe: Mimi ni fundi cherehani. Nimeiweka pasi ya mkaa upande wa pili wa chumba kwa makusudi, ili kila mshono unaotaka kupigwa pasi uniinue.

Mzee wa Tanga: Adhuhuri na alasiri hutembea hadi msikitini na kurudi, na rukuu zinaninyoosha mgongo.

Mtoto wa Pwani: Shikamoo mzee. Swala ni ibada, tusiigeuze mazoezi ya viungo.

Mzee wa Tanga: Marahaba. Sikusema naswali kwa ajili ya mgongo; nimesema mgongo nao unafaidika.

Kijana wa Kinondoni: Mnajisumbua bure. Saa moja ya jimu jioni inatosha.

Muuguzi Mstaafu: Si lazima itoshe, mwanangu. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha utafiti wa mabasi ya ghorofa ya London: madereva waliokaa zamu nzima waliugua zaidi mishipa ya moyo kuliko makondakta waliopanda na kushuka ngazi. Makondakta hao hawakuwa wanariadha.

Kijana wa Kinondoni: Morris huyo huyo na wenzake waliangalia baadaye vipimo vya suruali za sare, wakakuta viuno vya madereva ni vipana zaidi hata kwa walio vijana. Huenda tofauti ilianzia huko.

Mama wa Nyakato: Nimesoma neno ganzi nikashindwa kunyamaza. Mwaka 2019 nilipanda basi kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 1,000, nikiwa siti ya dirishani, na jirani yangu amempakata mtoto aliyelala. Niliona haya kuwasumbua. Dodoma watu walishuka, Singida wakashuka tena kuchimba dawa, mimi nikabaki, na maji sikunywa ili nisibanwe na haja. Tulipofika Nyegezi usiku, kiatu cha kushoto kilikataa kutoka. Kulipokucha kigimbi kilikuwa kigumu, cha moto, kikubwa kuliko mwenzake. Zahanati nilipewa dawa ya maumivu, nikarudi nyumbani. Siku ya tatu, nikipanda vidato vitatu tu vya mlangoni, pumzi ilikata na kifua kikachoma kila nilipovuta hewa. Hospitalini walinieleza kwamba damu iliganda ndani ya mshipa wa mguu, kipande kikamegeka na kwenda kuziba mshipa wa pafu. Daktari alisema kigimbi kinapojikaza ndicho kinachoisukuma damu ipande kurudi moyoni, na mguu usiotikisika huiacha ituame. Nilimeza dawa za kuzuia damu kuganda kwa miezi 6.

Karani wa Hesabu: Pole sana, dada. Nimeinuka hapa hapa nilipo.

Binti Salehe: Hata mimi.

Mtoto wa Pwani: Mguu kama huo bibi yangu huukanda kwa mafuta ya nazi ya vuguvugu.

Muuguzi Mstaafu: Tafadhali msikande! Mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma namna hiyo, damu iliyoganda inaweza kumegeka mkononi mwa anayekanda. Wahini hospitali.

Muuza Duka: Wala msikimbilie kusimama kutwa. Mimi nasimama nyuma ya kaunta, na mishipa ya miguu imenituna kama kamba. Dawa ni kubadili: kaa, inuka, tembea kidogo, kaa tena.

Karani wa Hesabu: Mama wa Nyakato, siku hizi ukisafiri unafanyaje?

Mama wa Nyakato: Nakata siti ya kwenye ujia, nakunywa maji, na njiani nainua visigino na kuvishusha hadi vigimbi vichoke. Basi likisimama nashuka hata kama sina haja, nalizunguka mara mbili. Mwezi uliopita binti wa dirishani aliniomba radhi alipotaka kupita mara ya pili. Nilisimama, nikamwambia apite hata mara kumi.