Naombeni ushauri: nimeona mtu akiangalizia mtihani chuoni Marekani, na kanuni inanitaka niripoti

Mwana wa Ruvuma (mleta mada)
Wakuu, salaam. Nipo mwaka wa pili kwenye chuo kimoja Marekani, upande wa mashariki. Jina la chuo naomba niliache, Watanzania hapa ni wa kuhesabika, nikilitaja tu nimeshajulikana.

Huku mtihani hauna msimamizi. Mwalimu anagawa karatasi, anaandika ubaoni saa ya kumaliza, anatoka. Mnabaki wenyewe. Mwisho unaandika kwa mkono wako na kusaini kwamba hujavunja kanuni ya uaminifu, wenyewe wanaiita Honor Code. Kanuni ina pande mbili: usidanganye, na ukimwona anayedanganya, uripoti. Kamati inayosikiliza kesi ni ya wanafunzi wenyewe.

Sasa wiki iliyopita, mtihani wa kemia, nikatoka kwenda msalani. Nikamkuta mtu ameshika simu anasoma noti alizozipiga picha. Tukatazamana. Nikarudi nikamalizia karatasi yangu, nikasaini.

Nikinyamaza, nimevunja kanuni na mimi. Nikiripoti, anaweza kusimamishwa hata mwaka mzima. Chakula hakipiti, usingizi hauji. Mngekuwa nyie mngefanyaje?

Kobe Mwepesi
Mkuu, umeenda kusoma au umeenda kuwa polisi? Hukuona kitu. Chukua digrii yako urudi nyumbani.

Mwalimu Mstaafu Iringa
Mwanangu, nimesimamia mitihani ya kidato cha nne miaka mingi. Karatasi zinafika na askari mwenye silaha, bahasha inafunguliwa mbele ya mashahidi, madawati yanaachana kwa hatua, na bado watu wanaingia na madesa. Kuna binti mmoja aliandika fomula kwenye upindo wa sketi kwa ndani, herufi ndogo kama mchele. Niliandika ripoti, matokeo yake yakafutwa. Baba yake alikuja nyumbani kwangu na jogoo kunisihi, nikamrudisha na jogoo wake. Binti nilikuja kukutana naye baadaye sokoni, akaniamkia kwa adabu, akaninunulia na machungwa. Sijui alinisamehe au alikuwa amelelewa vizuri tu.

Nimesahau swali lako lilikuwa nini, lakini ukweli ndio huo.

Kijana wa Likoni
Huku kwetu karatasi za kuibia tunaziita mwakenya, na mwaka 2015 mtihani wa kitaifa ulivuja hadi watu wakauziana kwa simu. Mwaka uliofuata serikali ikavunja bodi nzima ya baraza la mitihani, mambo yakakazwa kwelikweli. Kwa hiyo ukiniambia kuna mahali mwalimu anatoka chumbani, nashangaa. Yaani hata dirishani hachungulii?

Mwana wa Ruvuma
Hachungulii, kaka. Akichungulia inaonekana hawaamini. Mwenye swali anamfuata nje.

Msoma Kumbukumbu
Kijana wa Likoni, jambo hili ni la zamani. University of Virginia walianza mwaka 1842, miaka miwili baada ya mwanafunzi aliyefunika uso kumpiga risasi Profesa John Davis na kumuua. Uadui kati ya walimu na wanafunzi ulikuwa umefika pabaya, wakaona afadhali wanafunzi wapewe dhamana ya neno lao. Princeton walianza 1893, na waliodai ni wanafunzi, walikuwa wamechoka kuona wenzao wanaiba mbele ya macho ya wasimamizi. Stanford walianza 1921, pia kwa wanafunzi.

Ila usidhani huko ni peponi. Mwaka 2012 Harvard ilichunguza wanafunzi kama 125 wa somo moja kuhusu Bunge la Marekani. Mtihani ulikuwa wa kwenda kufanyia chumbani, majibu yakafanana mno. Zaidi ya nusu yao waliondolewa chuoni kwa muda. Baada ya hapo Harvard nao wakaandika kanuni yao, ikaanza kutumika 2015. Na Stanford, baada ya miaka mia moja ya kuzuia wasimamizi, mwaka 2023 walikubaliana kuwarudisha kwa majaribio.

Maana yake ni kwamba kanuni hii haina askari mwingine zaidi ya jirani yako. Jirani akinyamaza, msimamizi anarudi, na wote mnachungwa kama sisi tulivyochungwa. Ripoti.

Dada Zuhura
Maelezo mazuri, lakini mimi kuna kitu kinanisumbua. Mleta mada, huyo "mtu" ni nani? Angekuwa mzungu usiyemjua usingekosa chakula. Unamjua, na unamjua vizuri.

Kobe Mwepesi
Ni demu wake huyo. Tumemaliza.

Mwana wa Ruvuma
Si demu.

Sawa, nasema. Ni Mtanzania mwenzangu. Tulisoma naye kidato cha tano na sita, tukaomba vyuo pamoja, tukapata chuo kimoja kwa ufadhili kamili, jambo ambalo hata walimu wetu hawakuliamini. Mwaka huu tunakaa chumba kimoja. Nilipoitwa Dar kwa usaili wa viza, sikuwa na ndugu mjini. Mama yake ndiye aliyenipokea stendi, nikalala kwao, asubuhi akaninyooshea shati la kwenda nalo ubalozini, na nauli ya kurudi Songea akanipa yeye. Likizo fupi kumbi za chakula zikifungwa, mimi na yeye ndio tunaopika wali kwenye jiko la bweni na kuwaita Wakenya na Wanyarwanda wasio na pa kwenda.

Na viza yetu inasimama juu ya kusoma. Akisimamishwa masomo, Mmarekani anarudi kwa wazazi wake, anafanya kazi dukani, mwakani yupo darasani. Mwenzangu rekodi yake ya uhamiaji inafungwa, anatakiwa aondoke nchini, na kurudi ni kuanza upya na makaratasi. Adhabu ni moja kwa jina tu.

Mama Kulwa
Sasa ndiyo umeuliza swali, mwanangu. Mwanzo ulikuwa unazunguka.

Je, umeshaongea naye?

Mwana wa Ruvuma
Nimeongea naye, mama. Nimemwambia ajipeleke mwenyewe kwenye kamati. Nimempa mpaka Ijumaa. Asipokwenda, barua yangu nimeshaiandika, nitaituma.

Kobe Mwepesi
Duh. Kumbe ulishaamua, unatafuta wa kukupigia makofi.

Mwana wa Ruvuma
Sijatafuta makofi. Nimempa nafasi ambayo wengine wasingempa. Ningeweza kutuma barua usiku uleule. Na mimi nilisaini kwa jina langu, jina alilonipa babu. Nikinyamaza leo, kila karatasi nitakayosaini hadi namaliza itakuwa uongo. Watu hawaelewi jinsi hapa wanavyotuamini. Maabara inaachwa wazi usiku, kompyuta watu wanaziacha maktaba wanakwenda kula, hakuna anayegusa. Nilipofika sikuamini. Sasa nimeizoea hali hiyo, naipenda, sitaki niwe mmoja wa wanaoivunja.

Mama Kulwa
Hilo la kupenda kuaminiwa nimelielewa na ni jema. Lakini kumpangia siku mtu unayelala naye chumba kimoja ni mzigo mwingine. Anaamka anakuona, anahesabu siku. Ulimuuliza kwa nini alifanya hivyo?

Mwana wa Ruvuma
Sikumuuliza.

Bundi wa Saa Nane
Wakuu, mimi nimekaa kimya nasoma. Hii ni chai. Akaunti imefunguliwa jana. Chuo hakina jina. Mama mwema, shati limenyooshwa, nauli ya Songea, kila kitu kimewekwa mahali pake ili tulie. Na simu mtihanini? Hata huko zinakatazwa.

Au tuseme si chai yote. Mtu anayejua kwamba noti zilikuwa picha, na kwamba mwenzake anafukuzwa nchini, na makaratasi yanakwendaje, ni mtu aliyeyasoma kwa ajili yake mwenyewe. Mimi naona aliyekuwa na simu msalani ni wewe, mleta mada. Na aliyepewa mpaka Ijumaa ni wewe.

Kijana wa Likoni
Wallahi hapo umenistua. Nimerudi kusoma upya kuanzia juu.

Mwalimu Mstaafu Iringa
Yule binti wa sketi naye alianza kwa kusema sketi ni ya dada yake.

Msoma Kumbukumbu
Bundi, simu kukatazwa hakuzuii mtu kuingia nayo mfukoni kama hakuna wa kumpekua, na hilo ndilo tunalolijadili tangu asubuhi. Kuhusu viza, mwanafunzi yeyote wa nje anayajua hayo tangu wiki ya kwanza, ofisi ya wageni inawahubiria. Hujathibitisha kitu.

Dada Zuhura
Mleta mada yupo wapi? Jibu basi.

Mwana wa Ruvuma
Nilikuwa darasani, huku ni mchana.

Akaunti ni mpya kwa sababu ile ya zamani Watanzania wa hapa wanaijua. Zaidi ya hapo sina cha kuonyesha, na siwezi kuweka barua hapa yenye jina la mtu. Ningekuwa mimi mwenye simu, nisingekuja kuuliza kama niripoti. Ningekuja kuuliza namna ya kujitetea. Anayeona ni chai aiache, hakuna anayelazimishwa.

Mama Kulwa
Mimi hata sihitaji kujua ni yupi. Mwenye simu na aliyeona wote ni watoto wa watu, na wote njia yao ni ileile: mwenye kosa atangulie kusema kabla hajasemewa. Msoma Kumbukumbu, huko kwenye vitabu vyako hilo lipo?

Msoma Kumbukumbu
Lipo, mama. Virginia kwa muda mrefu kosa lolote lilikuwa na adhabu moja tu, kufukuzwa moja kwa moja. Lakini hata wakati huo aliyejitokeza kukiri kabla hajajua kama anashukiwa alikuwa na njia ya kusamehewa. Mwaka 2013 wakaongeza nyingine: aliyeshtakiwa akikubali kosa mapema, anapumzika masomo kwa muda kisha anarudi. Na 2022 wanafunzi walipiga kura kuiondoa ile adhabu ya kufukuzwa moja kwa moja. Vyuo vinatofautiana, kwa hiyo mwenzako asiende kwenye kamati kwa kukisia. Aanze kwa mkuu wa wanafunzi wa bweni lenu, halafu ofisi ya wanafunzi wa kigeni siku hiyohiyo, kabla hukumu haijatoka. Kuna tofauti kubwa kati ya kuondoka umeaga na kuondoka rekodi imefungwa bila wewe kujua.

Kobe Mwepesi
Nje ya mada kidogo. Mdogo wangu ana Division One ya pointi tatu, PCB. Huo ufadhili kamili unaombwaje?

Dada Zuhura
Kobe, fungua uzi wako.

Mwana wa Ruvuma
Asante Msoma Kumbukumbu, la ofisi ya wageni sikulifikiria kabisa.

Mama Kulwa, jana usiku nilimuuliza kwa nini. Alisema mtihani wa kwanza alipata alama mbaya, akaona aibu kuniambia kwa sababu mimi nilifaulu. Muhula mzima tunakaa chumba kimoja na hakuniambia. Habari za Ijumaa nimemwambia azisahau, hesabu ya siku imeisha. Kesho saa tatu anakwenda kwa mkuu wa bweni, miadi ameomba mwenyewe mbele yangu. Barua yangu sijaifuta. Asipoingia mlango ule nitaituma, na hilo nalo nimemwambia.

Mama Kulwa
Na mama yake?

Mwana wa Ruvuma
Atampigia akitoka tu. Saa tano ya huku, Dar itakuwa saa moja jioni, mama atakuwa ameshafunga duka. Ameniomba niwepo chumbani.

Mama Kulwa
Uwepo. Na mama akikuita kwenye simu, uongee naye.