Mtaala wa nje mzima mzima au tuchanganye? Wazazi mnaofundishia watoto nyumbani hapa Mwanza, tujadili

MamaNyegezi: Habari zenu. Juzi kuna baba kasema kama unamfundisha mtoto nyumbani na hujanunua pakeji kamili ya Marekani, masomo yote boksi moja, basi unacheza tu. Mi napinga. Kwa Kingereza sawa, vile vitabu vyao vya sauti za herufi ni vizuri sibishi. Ila hesabu jamani! Mtoto wa Nyegezi anaulizwa daimu, sarafu yao ya senti kumi, ngapi zinafanya dola moja, urefu inchi, uzito paundi, anabaki kukodoa macho. Huyohuyo nikaenda naye soko la samaki la mwaloni Kirumba nikamwambia kisado cha dagaa tuseme elfu nane, mama huyu anataka nusu na katoa noti ya elfu kumi, chenji shingapi? Kajibu kabla sijamaliza sentensi. Kiswahili ndo kabisa usihangaike na makadi ya bei kubwa, ba be bi bo bu zikimkaa kichwani anasoma mpaka mabango ya daladala, na vitabu vya TET, Taasisi ya Elimu Tanzania, unavisoma bure kwenye maktaba mtandao yao. Sayansi ziwa si lipo hapo, muulize kwa nini samaki furu wamepungua tangu sangara aletwe miaka ya 1950, mnyororo wa chakula atauelewa mwenyewe bila picha za dubu wa theluji.

Na watoto hawafanani bwana. Mkubwa wangu mpe kitabu umsahau, mdogo hakai chini, yeye mpaka ashike vizibo ahesabu. Boksi moja linawatosha vipi hao wawili?

BabaBuzuruga: Mama heshima yako, ila muda wa kuungaunga hivyo wengine hatuna. Mi narudi saa mbili usiku, mke wangu anafungua mwongozo wa mwalimu, somo la leo hili hapa, majibu haya hapa. Ukichanganya utashtukia hesabu za sehemu kasoma mara mbili na kugawanya hajagusa. Halafu sisi tunamwandaa kwa mitihani ya Cambridge, TET ya nini?

MamaNyegezi: Hilo la kuruka mada ni kweli kaka, ndo maana kila somo nashika kitabu kimoja kikuu, vingine vya kuongezea tu, na muhtasari wa TET nimeubandika ukutani natiki. Lakini Cambridge si ni ya Uingereza? Kule hesabu ni mita na kilo, sasa hizo inchi unazomlisha za nini, hapo boksi lako limekusaliti. Na akija kurudi shule za hapa, mtihani wa taifa wa msingi anasajiliwa kupitia shule, atakutana na TET tu. Ila mnaonunua vitabu vya mtumba muwe macho, mtaala mpya umeanza 2024 na mezani bado wamejaza vya zamani.

Halafu kaka, huo mwongozo wa Kingereza mkeo akiumaliza niuzieni.