Dawa ya kununua bila cheti ikizidi mwilini: ni ajali au ni kusudi?

Mleta mada:

Ndugu wachangiaji, naleta mjadala huu nikiwa tayari nina upande, na ni vyema mlijue hilo mapema. Mtu anapofariki, au anapofikishwa hospitalini ini likiwa limeharibika kwa dawa ya maumivu inayouzwa bila cheti cha daktari, ni ushahidi gani unaoturuhusu kutamka kwamba alikusudia au kwamba alipitiwa? Mimi nashikilia kwamba kipimo cha damu peke yake hakijibu swali hilo. Ushahidi mwingine ukikosekana, ni heri iandikwe kwamba kusudio halikubainika kuliko kulikisia kwa kutazama wingi wa dawa.

Parasetamoli ndiyo mfano ulio wazi zaidi. Kwa mtu mzima mwenye afya, kikomo cha kawaida ni gramu 4 ndani ya saa 24. Sehemu ndogo ya dawa hiyo hugeuka ndani ya ini kuwa kemikali yenye sumu, na mwili huizima kwa akiba yake ya glutathioni. Akiba ikiisha, seli za ini huanza kufa. Akiba hiyo huweza kumalizwa na dozi moja kubwa, lakini pia huweza kumalizwa na dozi zinazozidi kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Mtu anayeteswa na jino humeza vidonge vya maumivu, kisha vya mafua, kisha unga wa kukoroga kwenye maji ya moto, asijue kwamba vyote vitatu vina parasetamoli ileile. Alichokitaka ni usingizi tu, lakini ini lake likifika mbele ya mchunguzi halina alama yoyote inayolitenga na ini la aliyetaka kufa.

Wala watu wa namna hii si wachache. Utafiti wa vituo kadhaa vya Marekani uliochapishwa mwaka 2005 ulichunguza wagonjwa 275 ambao ini lao lilishindwa ghafla kwa sababu ya parasetamoli: 131 walikuwa wamezidisha bila kukusudia, 122 walikusudia, na 22 haikujulikana. Anayedhani kwamba ini kuharibika kwa dawa hii ni ishara ya kusudi anapaswa kuzitazama namba hizo mara mbili.

Mchangiaji wa kwanza:

Ndugu mleta mada, hoja yako ya kitabibu naikubali, ila hitimisho lako silikubali hata kidogo. "Haikubainika" ni pazia, na walio nyuma yake ni wengi. Familia hazisemi, kwa aibu, kwa dini, au kwa hofu ya sheria, na hofu hiyo haikuzuka hivi hivi. Uingereza na Wales ziliacha kukuhesabu kujiua kuwa kosa la jinai mwaka 1961 tu. Kenya ilisubiri hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakiuka katiba. Ongeza na bima: mikataba mingi ya bima ya maisha haimlipi aliyejiua katika kipindi cha mwanzo cha mkataba. Katika mazingira hayo, nani atamwambia mchunguzi kwamba marehemu alikuwa ameanza kuaga watu?

Ndiyo maana nauunga mkono uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Uingereza wa Novemba 2020. Zamani mchunguzi wa vifo wa Uingereza na Wales hakuweza kutamka kwamba mtu amejiua mpaka ithibitike pasipo shaka, kana kwamba marehemu ameshitakiwa kwa mauaji. Mahakama ilisema mizania ya uwezekano inatosha, yaani linalowezekana zaidi kuliko kinyume chake. Marehemu hahukumiwi kifungo, kwa hiyo kinga ya mshitakiwa haina kazi kwake. Walio hai ndio wanaohitaji ukweli, maana hatua za kinga hutokana na hesabu. Mwaka 1998 Uingereza ilipunguza idadi ya vidonge katika pakiti ya parasetamoli, visizidi 32 katika famasi na 16 katika maduka mengine, na utafiti uliotoka mwaka 2013 ulionyesha kwamba vifo vya dawa hiyo katika Uingereza na Wales vilikuwa vimepungua kwa takriban asilimia 43 katika miaka 11 iliyofuata. Hatua kama hiyo haichukuliwi pale vifo vinapoandikwa ajali na kusahauliwa.

Mchangiaji wa pili:

Naomba niingilie kwa upande wa wodi, kwa sababu mnajadili marehemu na mimi nashughulika na walio hai.

Mgonjwa anapofika, swali letu la kwanza ni amekunywa lini, na ni kwa mara moja au kwa kurudia-rudia. Chati ya Rumack na Matthew ya mwaka 1975, inayosaidia kuamua nani apewe dawa ya kukinza sumu, husomwa kuanzia saa 4 baada ya kumeza, na haifai kwa mtu aliyemeza kidogo kidogo kwa siku mbili au tatu. Huyo wa pili, ambaye mara nyingi ndiye asiyekusudia, ndiye anayetudanganya zaidi, kwa kuwa kipimo chake cha damu kinaweza kuonekana kidogo huku ini limeshaanza kuharibika. Dawa hiyo ya kukinza sumu, asetilsisteini, hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 8 baada ya kumeza, na siku ya kwanza mgonjwa anaweza kujisikia mzima kabisa. Kwa hiyo jamaa wanaokaa nyumbani wakibishana kama alikusudia au la wanapoteza saa zenyewe zilizokuwa za kumwokoa. Kiasi kikizidi, apelekwe hospitali hata kama anacheka.

Kuhusu kusudio, sisi tunamuuliza mwenyewe waziwazi: ulitaka kufa? Wapo wanaoogopa kwamba swali hilo litampa mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Halimpi, na wengi hupumua kwa kuulizwa. Ila majibu hayana unyoofu ambao nyote wawili mnaupenda. Kuna anayesema alitaka maumivu yakome na hakujali tena lingine litakalotokea. Kuna anayesema ndiyo usiku, na asubuhi akasema hapana, na sidhani kwamba alidanganya katika mojawapo. Mtamwandika huyo wapi?

Mleta mada:

Nakushukuru, ndugu wa wodini, maana swali lako la mwisho linanipa nguvu ya kumjibu mchangiaji wa kwanza.

Unaogopa kwamba kusudio lisilobainika litazipotosha hesabu. Katika toleo la 10 la orodha ya kimataifa ya magonjwa, sumu ya dawa za maumivu za aina hii ina namba tatu: X40 kwa ajali, X60 kwa kusudi, Y10 kwa lisilobainika. Watakwimu wa Uingereza na Wales, wanapohesabu vifo vya kujiua, hujumlisha pia vifo vya kusudio lisilobainika kwa wenye miaka 15 na zaidi, kwa sababu uzoefu unawaambia kwamba vingi vyao vilikuwa vya kujiua. Hesabu inapatikana, na hakuna mama aliyelazimishwa kupokea cheti kinachosema juu ya mwanawe jambo ambalo hakuna aliyelithibitisha.

Mchangiaji wa kwanza:

Hapo umenijibu nusu. Ujumlishaji huo unaiokoa Y10, lakini hauigusi X40. Kifo kikishaandikwa ajali, mtakwimu hakioni tena, na huko ndiko familia zinakopenda kukipeleka.

Mleta mada:

Basi tumefika mahali pazuri, kwani lawama yako imehama kutoka kwenye "haikubainika" na kwenda kwenye "ajali", na hapo niko nawe. Mizania ya uwezekano haipaswi kutumika kwa kusudi peke yake huku ajali ikiwa ndilo jibu la kukimbilia. Anayetamka ajali naye aonyeshe: pakiti za dawa tofauti zenye kiungo kimoja, maumivu yaliyothibitishwa na daktari, kumbukumbu za siku kadhaa za kumeza, mtu aliyeomba msaada mara alipoanza kutapika. Anayetamka kusudi aonyeshe maneno, maandishi, mipango au historia ya marehemu, wala asitosheke na idadi ya vidonge. Ningependa kusikia kutoka kwa waliowahi kukaa katika uchunguzi wa namna hii: je, pakiti tupu huwa zinakusanywa na kuorodheshwa, au hutupwa kabla mtu hajauliza zilikuwa za aina ngapi?