Naomba ushauri: volti za sinthesaiza kuendesha filta ya nje

Wakuu, habari za leo. Niko Area C, Dodoma. Nimerekodi zeze la Kigogo kule Chamwino, sauti tamu mno, na nataka ipite kwenye filta ya nje (kifaa cha kuchuja sauti) inayofunguka na kujifunga kwa kufuata volti za sinthesaiza yangu (ala ya kielektroniki ya kutengeneza sauti).

Shida ni hii: sinthesaiza inatoa volti -5 hadi +5, filta inapokea 0 hadi 5 tu. Nikiunganisha moja kwa moja, ule upande wa hasi utaiunguza? Fundi redio wa mtaani kwetu anasema niweke diodi (inayopitisha umeme upande mmoja tu), lakini naona itakata nusu nzima ya wimbi. Nawaza kupunguza hadi ±2.5, kisha niongeze volti 2.5 juu yake. Saketi ipi rahisi kwa kazi hiyo? Aliyewahi kufanya anielekeze, tafadhali.