Naomba ushauri: "put off" ni kuzima, kuahirisha au kukata hamu?

Dira77:
Wakuu, salaam. Tangazo la kazini linasema "The meeting has been put off until Thursday." Mimi "put off" naijua kwa taa tu. Je, mkutano umefutwa au bado upo? Na nikitaka kuitumia mwenyewe, nizingatie nini?

Chaki Nyeupe:
Mkuu, mkutano upo, umesogezwa hadi Alhamisi. Ungefutwa kabisa wangeandika "called off". Hayo mawili usiyachanganye hata kidogo: moja linakuambia uendelee kujiandaa, jingine linakuambia uache.

Kwenye taa hujakosea. "Put off the light" husemwa sana huku kwetu, na hata Uingereza ipo, ila "turn off" au "switch off" inaeleweka kokote. Moto, mshumaa na sigara ni "put out".

Mwl_Bahari:
Nyongeza ya sarufi, maana hapa ndipo wengi wanapoteleza. Kitenzi kinachofuata huchukua -ing: "He put off paying the rent." Ukiandika "put off to pay" umekosea. Chanzo ni Kiswahili chetu: tunasema "aliahirisha kulipa", basi ile ku- tunaigeuza "to" moja kwa moja.

Nomino hukaa kati au mwisho, "put the trip off" au "put off the trip", zote sawa. Lakini it, them, him na wenzao lazima wakae katikati: "put it off". Wakati uliopita ni "put" vilevile. "Putted" ni ya wacheza gofu.

Kifungua Kinywa:
Msisahau mtu anapokuwa ndiye mtendwa. "The smell put me off my food": harufu ilinikata hamu ya kula. "Don't be put off by the price": bei isikukatishe tamaa. Kitu cha namna hiyo huitwa "off-putting".

Ila tazameni hii: "He wants his money, but she keeps putting him off." Hapo hakuna hamu iliyokatwa. Anampiga danadana, leo kesho, leo kesho. Kwa hiyo kumwona mtu kwenye sentensi hakutoshi, soma na habari inayoizunguka.

Dira77:
Asanteni sana. Nimejaribu kumwandikia bosi: "Please put off it to Friday." Iko sawa?

Mwl_Bahari:
Bado kidogo. "It" irudishe katikati, na kwa siku mpya tumia "until": "Please put it off until Friday." Lakini kwa bosi ningeshauri "Could we postpone it until Friday?" Kwanza ni swali, halafu "postpone" ni rasmi zaidi. "Put off" mara nyingi hubeba harufu ya kukwepa, hasa ikifuatwa na -ing: ukisema "I put off writing the report", msomaji anaelewa kwamba hukutaka kuiandika.

Dira77:
Nimeibadilisha, naituma sasa hivi.