GMAT: Alama ya hesabu imekwama 74, nifanyeje ifike 80?

mtahiniwa_mpya: Wakuu, habarini. Zimebaki wiki nane nifanye GMAT, ule mtihani wa kuombea nafasi ya masomo ya uzamili ya biashara. Kwenye mitihani ya majaribio hesabu inagota 74, na maswali manne ya mwisho nayajibu kwa kubahatisha. Nikikaa bila saa nayapata mengi. Nianzie wapi?

baki_sifuri: Mkuu, kwanza acha kurundika maswali mapya. Fungua daftari la makosa. Kila swali ulilokosa andika sababu moja tu: sikujua kanuni, nilikosea kukokotoa, au nilijibu kisichoulizwa. Lirudie baada ya siku saba bila kuchungulia jibu. Likikushinda tena, mada hiyo ndiyo ya wiki hiyo.

Jometri iweke kando, toleo la sasa halina. Uzito uko kwenye aljebra, asilimia, uwiano, mwendo na tabia za namba, na humo ndimo mitego ilimo. Mfano x² > x: wengi wanagawanya pande zote kwa x wanapata x > 1, wanasahau kwamba x ikiwa hasi alama inageuka. Jaribu -2, -½, 0, ½ na 2, utaona kila namba hasi inakubali. Jibu ni x > 1 au x < 0.

Mwendo nao: kwenda 60 km/h, kurudi njia ileile 40 km/h. Wastani si 50. Chukua umbali unaogawanyika kirahisi, tuseme km 120: saa 2 kwenda, saa 3 kurudi, km 240 kwa saa 5, yaani 48.

saa_mkononi: Nyongeza kuhusu muda, maana naona ndipo anapovuja. Maswali 21 kwa dakika 45 ni dakika mbili na sekunde chache kila moja. Ukimaliza la 7 saa ionyeshe zimebaki dakika 30. La 14, dakika 15. Swali likifika dakika ya pili na nusu hujaona njia, chagua jibu, liwekee alama, songa. Ukifika mwisho na muda upo unaruhusiwa kurudi na kubadilisha majibu yasiyozidi matatu. Kuacha swali wazi kunakata alama kuliko kulikosa.

mtahiniwa_mpya: Asante sana. Kikokotoo je? Majaribio yote nimetumia cha simu.

baki_sifuri: Hapo pia kuna tatizo, mkuu. Kikokotoo kipo kwenye sehemu ya uchambuzi wa data tu, hesabu hakuna. Kizime leo. Kariri vipeo vya 2 hadi 1024, miraba hadi 20², na sehemu kama 1/8 = 12.5%. Vipeo vikubwa havikokotolewi: tarakimu za mwisho za vipeo vya 7 huzunguka 7, 9, 3, 1. Ukiulizwa 7⁸³, gawa 83 kwa 4, baki 3, chukua ya tatu: 3.